Sabuni iingie kwenye bajeti ya shule kama chaki: barua ya wazi kwa mnaosimamia shule za vijijini

Kwenu waheshimiwa mnaoshika elimu, afya na maji, kuanzia mnaokaa wizarani mpaka maafisa mnaokuja kukagua shule zetu, na kamati za shule pia maana nanyi mna mamlaka yenu,

Salaam nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na kwa muda mrefu ndo nimekuwa nashika mambo ya afya na usafi pale shuleni, kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaona kila siku ya masomo, sijayasikia kwa watu. Na kitu cha kwanza nataka mkijue ni kwamba watoto wetu wanajua kunawa mikono. Wanajua vizuri kabisa. Ingia darasa la pili uliza mikono inanawiwa wakati gani, watajibu wote kwa pamoja, baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, baada ya kucheza, baada ya kushika mnyama, wengine watakuimbia na wimbo wake mpaka mwisho na vitendo juu. Alafu kengele ya mapumziko inalia, wanakimbia chooni, wanatoka, wanakwenda kula moja kwa moja bila hata tone la maji kugusa mkono. Na ukimuuliza mtoto kwanini hujanawa anakuangalia tu, kwasababu anajua na wewe unajua, pale nje ya choo hamna maji, na siku ambayo maji yapo sabuni hamna.

Sasa nyie kila mwaka mnatuletea elimu. Mabango mapya, semina, fulana, vipeperushi vyenye picha nzuri za hatua za kunawa. Nashukuru, siwezi kusema hakuna faida kabisa. Ila ninachoomba mimi ni kitu kimoja na mengine yote yanatoka humo humo: hela ya sabuni na ya maji ya kunawa iwe fungu la kudumu kwenye matumizi ya shule, kila muhula, kama chaki ilivyo, na kunawa kuwekwe kwenye ratiba ya kila siku watoto wanawe kwa mikono yao wenyewe. Hakuna shule inayosubiri mfadhili ndo inunue chaki. Sabuni tunaisubiri mpaka aje mgeni.

Na msidhani nalia peke yangu kwa ajili ya shule moja. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa hesabu zao za mwaka 2019, ilionekana shule 43 katika kila 100 duniani hazikuwa na sehemu ya kunawa yenye maji pamoja na sabuni, na watoto waliokuwa wanasoma kwenye shule hizo walikuwa milioni 818. Na ndani ya hao wapo wengi, zaidi ya milioni 350, ambao shule zao zilikuwa na sehemu ya kunawa yenye maji ila sabuni ndo haipo. Yaani bomba limeshajengwa, hela kubwa imeshatumika, limebaki lile dogo la mwisho. Hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Naomba nikae hapa kwenye sabuni kidogo maana kuna viongozi nimewasikia kwa masikio yangu wakisema maji yanatosha, sabuni ni anasa. Hapana waheshimiwa. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2011, ulifanyika London, watu wa kujitolea walishikashika vitasa vya milango na vyuma vya kujishikilia kwenye sehemu za umma alafu mikono yao ikapimwa kama ina bakteria wa aina inayotoka kwenye kinyesi. Wasionawa kabisa, wakakutwa nao kwenye 44% ya vipimo. Walionawa kwa maji matupu, 23%. Walionawa kwa maji na sabuni, 8%. Hapo ni watu wazima, mjini, waliogusa milango tu, hawajatoka kwenye choo cha shimo wala hawajacheza kwenye vumbi tangu asubuhi. Ngozi ina mafuta yake na uchafu unashikana na yale mafuta, maji peke yake yanapita juu yakaenda zake. Sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji ndo maana inaung'oa ule uchafu ukatoka na maji, na virusi kama vya mafua na vya korona ambavyo vimezungukwa na ganda la mafuta inavipasua kabisa. Sasa mtoto akichovya vidole kwenye ndoo ambayo wenzake hamsini wameshachovya, bila sabuni, tumempa nini? Tumemchanganyia uchafu wa wote.

Na faida ya sabuni haiishii tumboni. Kule Karachi, Pakistan, kwenye makazi duni, kuna familia zilipelekewa sabuni na kutembelewa kila wiki kwa mwaka mzima na watu wa kuwahimiza kunawa, matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 15 kulipungua kwa zaidi ya nusu wakilinganishwa na familia ambazo hazikuingizwa kwenye mpango, na nimonia kwa wadogo wa chini ya miaka 5 ikapungua nusu. Nimonia jamani. Wengi tunafikiri kunawa ni mambo ya kipindupindu na taifodi tu, kumbe mkono ule ule ndo unaopeleka kamasi ya huyu puani kwa yule. Na muangalie vizuri walichofanya, walipeleka sabuni yenyewe, alafu mtu akawa anarudi kila wiki. Hawakubandika bango wakaondoka.

Sasa mtaniuliza, mbona sabuni tukiwapa inapotea. Ni kweli inapotea, siwezi kuwaficha. Ukiweka kipande cha sabuni asubuhi nje ya choo saa nne hakipo, ama kimebebwa ama kimeanguka shimoni ama kuku wamekidonoa. Mwalimu mkuu anaona bora akifungie ofisini, na funguo anatembea nazo, na tangu hapo sabuni ya shule ipo, kwenye ripoti inaandikwa ipo, na hakuna mtoto anayeiona. Simlaumu mkuu wa shule, kile kipande mara nyingi amekinunua kwa hela ya mfukoni kwake na hajui kingine kitatoka wapi. Mtu akijua sabuni nyingine inakuja mwezi ujao hawezi kukifungia hiki cha leo, ni kule kutokuwa na uhakika ndo kunafanya watu wafiche. Alafu dawa ya wizi ipo na ni rahisi: maji ya sabuni. Unachukua gramu 30 za sabuni ya unga unachanganya kwenye chupa ya lita moja na nusu, unatikisa, unatoboa tundu dogo kwenye kifuniko, unaifunga kwa kamba kwenye mti au nguzo. Mtoto anaminya kidogo anapata ya kutosha. Hakuna atakayeiba maji ya sabuni akaenda nayo kwao, haiangukii shimoni, na pakiti moja ya sabuni ya unga inakaa muda mrefu sana kuliko vipande. Ukitaka vipande basi viwekwe kwenye wavu au soksi safi vifungwe, navyo vinadumu. Haya mambo yanajulikana, yamefanyiwa kazi shule nyingi, na kule Nyanza, Kenya, watafiti walipozigawia shule za msingi sabuni mara kwa mara wakazilinganisha na ambazo hazikupewa, watoto wa kwenye sabuni ndo walioonekana wakinawa, wale wengine karibu hakuna. Hakuna kitu cha ajabu hapo, mtoto anatumia kilichopo mbele yake.

Kuna mfano mwingine napenda sana kuwaambia walimu wenzangu, wa Bangladesh. Shule mbili za msingi za kijijini. Kabla ya chochote waliangalia watoto wakitoka chooni, waliokuwa wananawa kwa sabuni ni 4% tu. Wakajenga sehemu za kunawa, wakatengeneza kijia cha matofali kutoka mlango wa choo mpaka pale, wakachora nyayo za rangi juu ya kile kijia na viganja vya mikono pale penye maji. Basi. Hawakufundisha somo lolote la usafi, hawakutoa hotuba, hawakugawa kipeperushi. Siku moja baada ya michoro kukamilika waliokuwa wananawa kwa sabuni walifika 68%, na baada ya wiki 6 walikuwa 74%. Mimi nilipoyasoma haya nilikaa kimya nikafikiria ni vipindi vingapi tumeshapoteza kuwaimbisha watoto wimbo wakati choo kiko upande huu na ndoo ya maji iko mbele ya ofisi ya walimu, upande wa pili wa uwanja. Mtoto wa miaka saba ana dakika chache za kucheza, hawezi kuvuka uwanja mzima kwenda kunawa mbele ya ofisi ambayo akipita anaweza kutumwa. Sehemu ya kunawa iweke pale anapopita mwenyewe, hatua chache kutoka mlango wa choo, na uchore hizo nyayo, rangi kidogo tu. Kwa hiyo mnapopitisha ramani ya choo cha shule, ramani isiyo na sehemu ya kunawa ndani yake isipitishwe, maana tukiambiwa itajengwa awamu ya pili tunajua awamu ya pili huwa haiji.

Na tupige hesabu ya mabomba maana hapa ndo wataalamu wenu wanapotuacha. Shule ya watoto 300, mnatujengea koki moja, mnapiga picha, mnaandika shule imepata huduma. Mtoto anatakiwa asugue mikono kama sekunde 20. Watoto 300 mara sekunde 20 ni sekunde 6,000, ambazo ni dakika 100, na hapo sijahesabu kufungua, kusuuza na kusukumana. Mapumziko hayafiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo hata watoto wawe na nia namna gani, kwa koki moja haiwezekani, watanawa kumi na tano wa mbele na waliobaki wataondoka. Dawa yake ni kunawa kwa pamoja. Huko Ufilipino shule nyingi za serikali ziliwekewa utaratibu huo: bomba refu lenye matundu mengi, watoto wanajipanga pande zote mbili, maji yanatiririka kidogo kidogo, wote wananawa kwa sabuni kwa wakati mmoja na mwalimu yupo pale pale, na wanapiga mswaki hapo hapo kwa dawa yenye floraidi, na mara mbili kwa mwaka wanapewa dawa za minyoo. Inafanyika kila siku ya shule. Likiwa na matundu kumi tu, wale 300 wanapita kwa mizunguko 30, ukitoa kama dakika moja kwa kila mzunguko umemaliza ndani ya nusu saa, na shule yenye mabomba mawili inamaliza kwa robo saa. Na bomba lenyewe halihitaji injinia, ni la plastiki limetobolewa, linaunganishwa na pipa au tanki lililoinuliwa juu kidogo.

Utaratibu huo ndo elimu yenyewe. Mtoto aliyenawa kwa sabuni kila siku ya shule kwa miaka sita au saba hahitaji kuulizwa hatua za kunawa ni ngapi, mwili wake umeshazoea na akikosa kunawa anajisikia vibaya.

Mtaniambia maji hamna vijijini, na kwa sehemu nyingi ni kweli. Shirika la Afya Duniani kwenye miongozo yake ya shule linasema mtoto wa kutwa ahesabiwe lita 5 kwa siku kwa matumizi ya msingi, bila kuhesabu maji ya kusukumia choo, na wa bweni lita 20, kwa hiyo shule yetu ile ya watoto 300 wa kutwa inahitaji lita 1,500 kila siku, na hiyo ni kazi yenu ya maji, sio ya watoto wa kike kubeba madumu kichwani wakati wenzao wako darasani. Narudia hilo la madumu kwasababu linafanyika na limezoeleka, kwamba usafi wa shule unabebwa na wasichana. Ila wakati tunasubiri kisima au tanki la kuvuna mvua, kunawa hakuhitaji maji mengi, kunahitaji maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kilianzia Zimbabwe miaka ya 1980 na kazi yake mpaka leo inaonekana: dumu dogo limeninginizwa kwenye mti, kamba imeshuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga, mtoto anakanyaga, maji yanachirizika, anaacha, yanakatika. Hagusi dumu kwa mkono mchafu na maji yanayotumika ni kidogo sana kuliko ya kumiminiwa kwa kopo. Watoto wa darasa la tano wanavitengeneza wenyewe wakionyeshwa mara moja, nimewaona. Shida yake ni kwamba jua linaua plastiki, kamba inakatika, kijiti kinaliwa na mchwa, ndani ya miezi michache vinabaki vibuyu vikavu vinaning'inia. Kwa hiyo kila mtakapohamasisha vibuyu chirizi muweke na hela ndogo ya madumu na kamba kila muhula, na mtu ambaye kazi yake inajulikana ni kuvijaza asubuhi. Kama hajulikani ni nani, ujue havijazwi.

Sasa tuje kwenye kufundisha kwenyewe, maana sijasema watoto wasifundishwe. Tunafundisha vibaya. Mtoto anaambiwa kuna vijidudu havionekani kwa macho vinaleta magonjwa, na mtoto huyo huyo kila siku amekula bila kunawa na hajafa, kwa hiyo anakariri kwa ajili ya mtihani basi. Kule India, vijijini Andhra Pradesh, walifanya kampeni ambayo haikuwatisha watu kwa magonjwa, waligusa kinyaa na waligusa ile hali ya mama kutaka mwanae akue vizuri na awe na adabu. Kabla ya kampeni waliokuwa wananawa kwa sabuni wakati unaotakiwa walikuwa kama 1%, miezi 6 baadae walikuwa 37%, na kwenye vijiji ambavyo kampeni haikufika ilikuwa 6%. Kinyaa kinafanya kazi kwa watoto kuliko kitu kingine. Chukua unga unga wa chaki ya rangi upake kwenye viganja vya mtoto mmoja bila kusema kitu, waache wacheze, washikane mikono, washike madaftari, alafu baada ya nusu saa waambie wajiangalie, rangi itakuwa kwenye mashavu, midomoni, kwenye madaftari ya watu ambao hata hawakucheza na yule wa kwanza. Uwaulize sasa kama ile rangi ingekuwa imetoka chooni. Somo hilo linachukua kipindi kimoja na watalisimulia nyumbani. Na China, mkoa wa Hunan, waliwaonyesha watoto wa shule za vijijini katuni ya dakika 12 tu kuhusu minyoo, wakajadiliana nayo darasani, na mwisho wa mwaka wa masomo maambukizi mapya ya minyoo yakawa nusu ya yale ya shule ambazo hazikuonyeshwa. Hadithi nzuri inafanya kazi. Kwa hiyo walimu vyuoni wafundishwe kufundisha usafi kwa vitendo na hadithi, sio semina ya siku mbili hotelini kwa mwalimu mmoja ambaye mwezi ujao anahamishwa.

Na kuhusu minyoo naomba niwaulize swali. Mnakuja na dawa mara moja au mbili kwa mwaka, tunapanga watoto mistari, wanameza, mnaondoka, na ni kazi nzuri sana naiunga mkono. Lakini watafiti waliokusanya tafiti nyingi waliona ile minyoo mirefu ya mviringo mwaka mmoja baada ya dawa inakuwa imerudi karibu pale pale ilipokuwa. Mayai yake yako kwenye udongo ule ule, yananata kwenye vidole na chini ya kucha, mtoto anayala tena wiki hiyo hiyo aliyomeza dawa. Tunanunua dawa kila mwaka na tunashindwa kununua sabuni ambayo ingeisaidia ile dawa ikae. Gari linaloleta dawa lilete na sabuni ya muhula, na katoni ya vikata kucha pia, kucha ndefu hazisafishiki hata kwa sabuni ya namna gani.

Wasichana wakubwa sitawasema kwa urefu ila siwezi kuwaruka. Msichana aliye kwenye hedhi anahitaji maji na sabuni ndani ya choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na mahali pa kutupa au kufulia. Akiambiwa akanawe kwenye kibuyu kilicho mbele ya wavulana wanaocheza mpira, atabaki nyumbani siku hizo, na tunaandika kwenye rejista hajafika bila sababu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka choo kimoja kwa wasichana 25. Tembeleeni muhesabu wenyewe.

Na wadogo. Koki ikiwekwa kwa urefu wa fundi, mtoto wa darasa la kwanza haifikii, na mwenye kiti cha magurudumu hafiki kabisa maana pamejengwa ngazi. Mwambieni fundi aweke mbili, ya juu na ya chini, na njia ya mteremko. Hamna gharama ya kuongelea hapo ukipanga mapema.

Walimu nasi tunawe pale pale penye watoto. Tukiwa na beseni letu ofisini lenye sabuni nzuri na taulo na watoto hawana, tumeshawafundisha kwamba usafi ni wa wakubwa. Na wanaopika na kugawa chakula cha shule wawe wa kwanza kwenye mstari, wao mikono yao inafika kwenye kila sahani.

Kuna lile la kusema mtoto ndo atapeleka elimu nyumbani, atamfundisha mama na bibi. Ni kweli watoto wanapeleka, nimeona nyumba ambazo kibuyu chirizi kimefungwa na mtoto. Ila msimtwishe mtoto mzigo wa kijiji. Mtoto hawezi kumwambia baba yake hujanawa, kwa mila zetu wengi huo ni utovu wa adabu na anaweza kupigwa. Waiteni wazazi shuleni siku ya mkutano, wanawe pamoja na watoto wao kabla ya kikao, wahudumu wa afya ya jamii wawepo waongee na wakubwa wenzao. Mzazi aliyeona kwa macho yake anamruhusu mtoto, na tena anatafuta dumu mwenyewe.

Sasa la ukaguzi, na hili naomba mlisome taratibu. Tarehe 15 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Kunawa Mikono Duniani, imekuwepo tangu 2008, na tunaifanya, watoto wanaimba, mgeni rasmi ananawa mbele ya kamera kwa sabuni mpya iliyofunguliwa asubuhi hiyo. Tarehe 16 muwepo pia. Kipimo ambacho dunia nzima inatumia kuhesabu shule kwamba ina huduma ya msingi ya kunawa ni rahisi, siku ya ukaguzi maji yawepo na sabuni iwepo, vyote viwili kwa pamoja. Nyie fomu zenu zinauliza je shule ina sehemu ya kunawa, ndiyo au hapana, na sisi tunajibu ndiyo kwasababu sinki lipo, ukutani, limekauka tangu mwaka juzi. Badilisheni swali. Ulizeni maji yanatoka saa hizi? Sabuni iko wapi, nionyeshe. Nani amejaza leo? Mara ya mwisho sabuni imenunuliwa lini na risiti iko wapi? Na msitoe taarifa kwamba mnakuja, maana mkitoa taarifa kila kitu kitakuwepo siku hiyo na mtaandika tuko vizuri.

Kwa hiyo ninachosubiri kutoka kwenu ni hivi. Kwenye fedha za uendeshaji mnazozileta shuleni, sabuni na ukarabati wa sehemu za kunawa vitajwe kwa majina yake ili mwalimu mkuu akinunua asiulizwe na asiponunua aulizwe. Ratiba ya shule iwe na dakika za kunawa kabla ya kula, zihesabiwe ni muda wa masomo. Kila choo kipya kije na maji yake hatua chache kutoka mlangoni. Haya matatu tu kwa kuanzia, hayahitaji mfadhili wala sheria mpya, yanahitaji waraka mmoja na sahihi yenu. Kamati za shule ambazo mnasoma hapa msisubiri waraka, gramu 30 za sabuni na chupa tupu mnaweza kuanza nazo Jumatatu.

Mkija kukagua njooni saa ya mapumziko, simameni nje ya choo cha wanafunzi sio mbele ya ofisi, muangalie watoto ishirini wa kwanza wakitoka. Mkitaka kuniuliza chochote kuhusu mtakachokiona nipo tayari kujibu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa shule ya msingi, kijijini